Mambo ya kuzingatia unapobadilisha otopailoti ya ndege ndogo kuukuu

MCHAGUA jembe si mkulima, walinena wahenga. Hata hivyo, mmiliki wa ndege kuukuu hana budi kuchagua, tena kwa makini, siku fundi anapomwarifu kwamba otopailoti yake imekufa na vipuri vyake havipatikani tena.

Otopailoti ni mtambo unaoshika usukani wa ndege kwa niaba ya rubani. Huisawazisha ndege isiinamie upande mmoja, huidumisha katika kimo na mwelekeo uliochaguliwa, na ikiwa ni ya kisasa, huiteremsha kwa utaratibu hadi karibu na uwanja wa kutua.

Suala la kuibadilisha huwakabili watu wengi, kwa kuwa ndege ndogo huishi miaka mingi kuliko vifaa vilivyomo ndani yake. Cessna 172, ambayo imeundwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, iliingia sokoni mwaka 1956 na zaidi ya 44,000 zimeundwa. Kampuni ya Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege zake ndogo za injini moja ya pistoni mwaka 1986, na haikuurejelea hadi baada ya miaka kumi. Ndiyo maana ndege za miaka ya 1960 na 1970 zingali kazini kila mahali, ukiwemo uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Bodi na injini zimetunzwa, lakini vifaa vya elektroniki vya enzi hizo vimechakaa.

Mmiliki anapoanza kutafuta otopailoti nyingine, aghalabu swali lake la kwanza huwa bei. Makala haya yanapendekeza swali jingine litangulie: mtambo huu utaona kwa macho gani? Yaani, utapata wapi habari kwamba ndege imenyooka au imeinama? Jibu la swali hilo ndilo linaloweza kumwokoa rubani mawinguni au kumwangamiza.

Sekunde 178

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwachukua marubani 20 ambao hawakuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea mita pekee. Wakiwa angani pamoja na wakufunzi, marubani hao walizuiwa kuona nje kana kwamba wameingia mawinguni. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani, kila mmoja alichukua sekunde 178, muda usiotimia dakika tatu, kabla ya kupotelewa na udhibiti. Aliyeshindwa mapema zaidi alichukua sekunde 20, na aliyestahimili zaidi alifika sekunde 480.

Kiini cha janga hilo ni sikio la ndani, ambalo ndilo hutujulisha tunapogeuka au kuinama. Ndege ikiinama polepole na kuendelea kugeuka kwa kasi ileile, baada ya muda mfupi sikio huacha kuhisi mgeuko huo. Rubani hudhani amenyooka ilhali ndege inazunguka na kushuka. Anapoona kimo kinapungua, huvuta usukani ili kuinua pua, na kwa kufanya hivyo huubana zaidi mzunguko badala ya kuukomesha.

Julai 16, 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, alikufa pamoja na mkewe na shemejiye ndege aliyoiendesha ilipotumbukia baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Ulikuwa usiku wenye utusitusi. Bodi ya uchunguzi wa ajali nchini humo ilifikia uamuzi kwamba alishindwa kuidhibiti ndege kwa sababu ya kupotewa na hisia za mwelekeo. Ndege hiyo, aina ya Piper Saratoga, ilikuwa na otopailoti. Funzo ni kwamba haitoshi mtambo kuwamo ndani ya ndege. Rubani sharti aujue na auwashe mapema, kabla akili yake haijachanganyikiwa.

Macho ya mtambo

Kifaa kinachoipa otopailoti macho kwa kawaida ni jairoskopu, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi na kukataa kuinama hata ndege inapoinama. Ndilo alilotumia Lawrence Sperry, kijana Mmarekani wa miaka 21, aliposhiriki mashindano ya usalama wa ndege karibu na Paris, Ufaransa, Juni 1914. Sperry aliinua mikono yake yote miwili hewani huku fundi wake, Emil Cachin, akisimama juu ya bawa, na ndege ikaendelea kujisawazisha yenyewe. Mwaka 1933 Wiley Post aliizunguka dunia peke yake kwa ndege, wa kwanza kufanya hivyo, akisaidiwa na mtambo wa aina hiyo.

Katika ndege kuukuu, kuna njia mbili kuu za kuipatia otopailoti habari, na mmiliki anapaswa kujua yake ni ipi.

Njia ya kwanza ni kutegemea mita ya upeo bandia, ile inayomwonyesha rubani mstari wa mbingu na ardhi. Katika ndege nyingi za zamani, jairoskopu ya mita hiyo huzungushwa kwa hewa inayofyonzwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. KFC 150 ya Bendix/King ni mfano, na vivyo hivyo AutoControl III iliyofungwa katika ndege nyingi za Piper. Mitambo hii huruka kwa ulaini, lakini ina udhaifu mkubwa. Pampu za hewa za aina kavu huweza kufa ghafla bila dalili. Zinapokufa, jairoskopu hupunguza mwendo na kuanza kulala upande polepole. Otopailoti, isiyojua kwamba imedanganywa, huifuata na kuiinamisha ndege iliyokuwa imenyooka. Rubani aliye mawinguni hupoteza mita yake na msaidizi wake kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ni kutegemea mita ya mgeuko, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa umeme. Mtambo wa aina hii haujui ndege imeinama kiasi gani. Huhisi tu kwamba imeanza kugeuka, kisha huirekebisha. Cessna 300A Nav-O-Matic, KAP 140 ya Bendix/King, pamoja na mitambo ya zamani ya S-TEC kama vile System Twenty, Thirty na Fifty, ni ya kundi hili. Hewa inapochafuka, mitambo hii huyumbayumba kuliko ile ya kwanza. Hata hivyo, pampu ya hewa ikifa, kazi yake ya kuisawazisha ndege huendelea. Kwa ajili hiyo, mtu asiidharau otopailoti duni inayotegemea umeme na kuitukuza ya kifahari inayotegemea pampu.

Mitambo ya kisasa imeleta njia ya tatu. Badala ya gurudumu linalozunguka, hutumia vipima-mwendo vidogo vya elektroniki visivyo na kitu cha kuchakaa kwa msuguano. Habari zake ni za mwinamo kamili, kama katika njia ya kwanza, lakini hazitegemei pampu. Anayebadilisha otopailoti leo anapata fursa ya kuondokana na udhaifu uliomwandama kwa miaka mingi.

Mhimili mmoja au miwili?

Otopailoti ya mhimili mmoja hushika vibawa vya pembeni, viitwavyo eleroni, na kazi yake ni kuizuia ndege isiinamie kushoto au kulia. Ya mihimili miwili hushika pia kibawa cha mkiani kinachoinua na kuteremsha pua, hivyo huweza kudumisha kimo. Ya mihimili mitatu huongeza kifaa cha kuzuia myumbo wa mkia, ambacho huwa na manufaa zaidi kwa ndege ndefu au zenye mwendo mkali.

Kwa rubani anayeruka mchana tu, katika hali nzuri ya hewa na kwa safari fupi, mhimili mmoja waweza kumtosha, kwani kumbuka kwamba mzunguko wa mauti huanza kwa kuinama upande. Lakini anayetoka Wilson kwenda Malindi kwa Cessna 172 hukaa angani zaidi ya saa mbili. Akiwa peke yake, huku akizungumza na waelekezi wa ndege, akipima mafuta na kutazama ramani, mtambo unaodumisha kimo humpunguzia uchovu kwa kiasi kikubwa.

Ruhusa kwanza, bei baadaye

Tofauti na redio ya gari, otopailoti haifungwi katika ndege kwa sababu tu inaenea. Aina ya ndege huidhinishwa jinsi ilivyoundwa, na badiliko kubwa kama hili huhitaji idhini ya ziada, inayojulikana kwa kifupi kama STC. Idhini hiyo huambatana na orodha ya aina za ndege zinazohusika, na herufi moja mwishoni mwa jina yaweza kuleta tofauti. Mtambo ulioidhinishwa kwa Cessna 172N huenda haujaidhinishwa kwa 172 ya miaka ya mwanzo.

Kwa ndege yenye usajili wa Kenya, unaoanza kwa 5Y, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) ndiyo yenye usemi. Mmiliki asiridhike na idhini ya Marekani pekee. Yeye au mhandisi wake aiulize mamlaka hiyo, kabla ya kuagiza chochote, ni stakabadhi gani zinazohitajika ili badiliko hilo likubaliwe hapa nchini. Mtambo uliofika bandarini bila stakabadhi ni mzigo tu.

Tahadhari nyingine inahusu mitambo ya bei nafuu iliyokusudiwa ndege zilizoundwa na wenyewe nyumbani. Huenda mashine yenyewe ikafanana kabisa na ile iliyoidhinishwa, lakini bila STC haiwezi kufungwa kihalali katika Cessna au Piper iliyotoka kiwandani.

Mitambo ya kizazi kipya

Kwa miaka mingi wenye ndege ndogo hawakuwa na uteuzi mpana, kwa kuwa gharama ya kutafuta idhini ilikuwa kubwa. Hali ilibadilika katika muongo wa 2010, wakuu wa usafiri wa ndege nchini Marekani walipolegeza utaratibu wa kuidhinisha vifaa vinavyoongeza usalama.

Garmin ilitangaza GFC 500 mwaka 2017, ikianza na ndege za Cessna 172 na Piper PA-28 kabla ya kupanua orodha. Mtambo huo hauna macho yake wenyewe. Hutegemea mita ya kielektroniki ya kampuni hiyohiyo, kwa mfano G5 au GI 275. Mwenye ndege ambaye hana mita hizo sharti azihesabu katika bajeti yake. Faida yake ni kwamba G5 haitegemei pampu ya hewa, na ina betri ya akiba inayoweza kuifanyisha kazi hadi saa nne. Hata hivyo, betri hiyo ni ya mita. Mota zinazosukuma usukani hukoma umeme wa ndege unapokatika.

S-TEC 3100, iliyobuniwa na Genesys Aerosystems, ina vipima-mwendo vyake yenyewe. Inawavutia hasa wale ambao tayari wana otopailoti ya zamani ya S-TEC, kwa sababu baadhi ya mota zilizomo ndani ya mabawa na mkia zinaweza kuendelea kutumiwa. Kwa upande wake, BendixKing ilibuni AeroCruze 230 ili ichukue nafasi ya KAP 140 na KFC 150 huku mota za zamani zikibakia.

Vizion ya TruTrak, iliyopewa jina la AeroCruze 100 baada ya BendixKing kuinunua kampuni hiyo mwaka 2019, ilikuwa jibu kwa mwenye mfuko mwepesi. Ni kifaa kidogo kinachotoshea katika tundu la mita moja na kina macho yake ndani. Pia kuna Dynon, ambayo SkyView HDX yake iliidhinishwa kwa Cessna 172 mwaka 2018. Hapo mmiliki hubadilisha takriban mita zote kwa skrini, na otopailoti huwa sehemu ya mfumo huo.

Kabla ya kuamua, uliza wakala ni ipi kati ya hizo inayopatikana kwa sasa kwa ndege yako, na ni nani atakayeihudumia ikiharibika.

Kitufe cha kunyoosha ndege

Kuna kitu kimoja ambacho mitambo mingi mipya inacho na ya zamani haina: kitufe cha dharura. Rubani akihisi amechanganyikiwa, hukibonyeza, na mtambo huirejesha ndege katika hali ya kunyooka hata kama haukuwa umewashwa. Baadhi ya mitambo, ikiwemo GFC 500, husukuma usukani kwa upole pia rubani anapoinamisha ndege kupita kiasi akiwa anairusha kwa mkono.

Kwa rubani ambaye hana mafunzo ya kuruka mawinguni, kitufe hicho pekee chaweza kuwa sababu ya kubadilisha otopailoti. Zile sekunde 178 huwa si hukumu tena, mradi mkono wake ukifikie kitufe kabla ndege haijaingia katika mwendo ambao hakuna mota ndogo inayoweza kuumudu.

Gharama zisizoonekana

GFC 500 ilipotangazwa, bei ya mihimili miwili kwa Cessna 172 ilikuwa dola 6,995 za Marekani bila kuifunga. Bei hiyo haikujumuisha kazi ya fundi, ambayo hujumuisha kung'oa mtambo wa zamani na nyaya zake, kufunga mota mpya, kupima uzito na mizani ya ndege upya, na kuandika yote hayo katika vitabu vya ndege. Mara nyingi gharama ya kazi hukaribia bei ya mtambo wenyewe au kuipita. Hapa nchini ongeza usafirishaji na ushuru.

Volti pia zichunguzwe. Cessna 172 za kabla ya muundo wa mwaka 1978 hutumia umeme wa volti 14, na za baadaye volti 28. Mota ya zamani iliyonunuliwa kutoka kwa ndege nyingine huenda isifae.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba mgonjwa ni otopailoti kweli. Ndege inayopanda na kushuka kama mashua juu ya mawimbi huenda ina nyaya za usukani zilizolegea. Mtambo unaoshindwa kudumisha kimo huenda unadanganywa na tundu dogo katika mrija wa hewa unaopima kimo. Kasoro hizo hazigharimu pesa nyingi kutengeneza, na zikiachwa, zitaisumbua otopailoti mpya vilevile.

Mlima haujui otopailoti

Mazingira yetu yanadai tahadhari ya pekee. Wilson iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini haitoi nguvu zake zote. Cessna 172M ya miaka ya 1970 ina upeo wa kuruka wa futi 13,100. Kilele cha Lesatima katika milima ya Aberdare ni karibu mita 4,000, yaani takriban kimo hichohicho. Ndege hiyo haiwezi kuuvuka mlima huo kwa usalama kwa kupaa tu, hata iwe na otopailoti ya namna gani.

Hatari huzidi rubani anapoiamuru otopailoti ya zamani ipae kwa kasi fulani, kwa mfano futi 500 kwa dakika. Kadiri hewa inavyopungua, injini hushindwa kutimiza agizo hilo. Mtambo, kwa utiifu wake, huzidi kuinua pua huku mwendo ukipungua, hadi mabawa yanapoacha kuibeba ndege. Mitambo mipya yenye kinga dhidi ya mwendo mdogo huteremsha pua mambo yanapofikia hapo. Anayeruka kutoka nyanda za juu na aulize kama mtambo anaoununua una kinga hiyo.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Mmiliki anayekwenda kuonana na fundi wake na ayaandike maswali haya katika karatasi:

1. Je, mtambo huu umeidhinishwa kwa muundo na mwaka kamili wa ndege yangu, na KCAA inahitaji nini?

2. Unapata wapi habari za mwinamo, na pampu ya hewa ikifa kutatokea nini?

3. Umeme ukikatika nitabaki na mita gani?

4. Una kitufe cha kunyoosha ndege na kinga dhidi ya mwendo mdogo?

5. Unaelewana na GPS niliyo nayo, au nitalazimika kununua nyingine?

6. Gharama yote, pamoja na kazi, ni kiasi gani, na nani ataukarabati hapa nchini?

Mtambo ukishafungwa, kazi haijaisha. Rubani ajifunze kuuzima kwa njia zote: kwa kitufe kilicho kwenye usukani, kwa swichi yake, kwa kuvuta fyuzi yake, na kwa kuushinda nguvu kwa mikono. Ajaribu hayo ardhini kabla ya kila safari, na angani siku ya anga safi akiwa na mkufunzi. Trimu inayosukumwa na mota ikiharibika, huweza kuisukuma pua juu au chini kwa nguvu, na huo si wakati wa kutafuta fyuzi kwa kupapasa.

Otopailoti bora, basi, si lazima iwe ile yenye vitufe vingi au bei ya juu. Ni ile iliyoidhinishwa kwa ndege yako, yenye macho yasiyopofuka pamoja na yako, na ambayo unaifahamu kiasi cha kuiamini na kiasi cha kuizima. Asiye na mafunzo ya kuruka mawinguni na akumbuke kwamba mtambo huo ni wa kumtoa humo akiingia kwa bahati mbaya. Haukununuliwa ili umpe ujasiri wa kuingia.